Jumba la reli Nairobi, pamba ya Mbale: Maisha ya msanifu Herbert Baker

JINJA/MBALE

Daraja la zamani la reli mjini Jinja liko jirani na daraja jipya la nyaya ambalo Rais Yoweri Museveni alilifungua Oktoba 2018. Dereva wa lori anayetoka Mombasa hulitupia jicho mara moja, kisha akaendelea na safari yake ya Kampala. Ni daraja la vyuma, limepitisha treni juu ya Mto Nile tangu mwaka 1931. Ndani ya mji, kwenye stesheni, kuna Makumbusho ya Reli ya Uganda yaliyofunguliwa mwaka 2022.

Kuna kitu kimoja cha reli hiyo ambacho hakikukaa Jinja hata siku moja, nacho ni uamuzi wa bei ya kusafirisha mzigo. Huo ulikaa Nairobi. Na jumba ulimokaa, pamoja na ikulu ya gavana aliyekuwa na sauti ya mwisho juu ya reli yenyewe, vilichorwa na mtu mmoja, Mwingereza Sir Herbert Baker.

Wafanyabiashara wa Malaba, Busia na Lwakhakha hawana sababu ya kulijua jina hilo. Majengo ya Baker yanayojulikana katika Afrika Mashariki yako Nairobi na Mombasa. Jinja na Mbale fungu lao lilikuwa nauli.

Kutoka Kent hadi Cape

Baker alizaliwa tarehe 9 Juni 1862 katika kijiji cha Cobham, jimbo la Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, kwenye nyumba ya familia iitwayo Owletts. Wiki saba kamili baadaye, tarehe 28 Julai, John Hanning Speke alifika kwenye maporomoko yaliyo karibu na Jinja ya leo, akayapa jina la Ripon. Wenyeji wa Busoga walikuwa na jina lao la mahali hapo na njia zao za kuvuka, lakini ramani za London zilianza siku hiyo. Mtoto wa Cobham alikua katika Uingereza iliyokuwa ikijaza ramani hizo.

Alijifunza kazi kwanza kwa ndugu yake Arthur Baker, kisha katika ofisi ya msanifu Ernest George mjini London. Humo alikutana na kijana mwingine, Edwin Lutyens, aliyekuwa mdogo kwake kwa karibu miaka saba. Wakawa marafiki. Ugomvi ulikuja baadaye, na mbali sana na London.

Mwaka 1892 alikwenda Afrika Kusini kumsaidia kaka yake aliyejaribu kilimo cha matunda. Matunda hayakumfanya tajiri, ila Cape ilimkutanisha na Cecil Rhodes, bwana wa almasi na waziri mkuu wa koloni hilo. Rhodes alimpa kazi ya kuitengeneza upya nyumba yake ya Groote Schuur. Mwaka 1900 alimlipia safari ya kwenda kuyaona majengo ya kale ya Misri, Ugiriki na Italia. Mfadhili huyo hakuwa akitoa sadaka. Alitaka msanifu atakayeijengea dola majumba ya mawe juu ya vilima, yenye nguzo ndefu, yasiyoonekana kama ya watu wa kupita njia.

Baker alilielewa agizo. Baada ya vita vya Waingereza na Makaburu alihamia Johannesburg mwaka 1902, akajenga nyumba za matajiri wa migodi, na hatimaye akapewa kazi kubwa kuliko zote za nchi hiyo: makao ya serikali mjini Pretoria, Union Buildings, yaliyojengwa kuanzia 1910 hadi 1913. Yako kilimani, na yana mbawa mbili zenye minara pacha zilizounganishwa kwa safu ya nguzo iliyopinda kama mwezi mchanga. Mbawa hizo zilikuwa ishara ya mataifa mawili ya wazungu, Waingereza na Makaburu, kukaa pamoja. Waafrika, waliokuwa wengi kuliko wote hao, hawakupewa ubawa.

Waliuchukua uwanja. Tarehe 9 Agosti 1956 wanawake wapatao 20,000 walipanda hadi kwenye ngazi za Baker kupinga sheria ya kuwalazimisha kubeba pasi, wakaacha maombi yao mlangoni na kusimama kimya kwa nusu saa. Mwanamke anayevuka mpaka leo na gunia la vitunguu, akiwa ameshika karatasi zake mkononi, ataielewa siku ile bila kuhitaji mwalimu. Tarehe 10 Mei 1994 Nelson Mandela aliapishwa urais mahali hapohapo.

Kilima cha Delhi

Kutoka Pretoria Baker aliitwa India. Waingereza walikuwa wakijenga mji mkuu mpya wa Delhi, na Lutyens, rafiki yake wa ujanani, alikuwa ameshapewa jumba la mtawala mkuu. Baker alipewa majengo mawili makubwa ya wizara, baadaye na jengo la duara la Bunge, lililofunguliwa mwaka 1927.

Hapo ndipo urafiki ulipovunjika, na kilichouvunja ni mteremko wa barabara. Wizara za Baker zilikaa juu ya kilima cha Raisina, zikilitangulia jumba la Lutyens. Mtu akipanda barabara ile, jumba la mtawala linazama nyuma ya kilima na kupotea machoni kwa muda, kabla halijaibuka tena. Lutyens alitaka mteremko ubadilishwe, Baker akakataa, wakubwa wakamuunga mkono Baker. Lutyens akabaki kusema kuwa amekutana na "Bakerloo" yake, akichanganya jina la mwenzake na Waterloo, vita alivyoshindwa Napoleon. Waingereza walicheka sana, kwa kuwa Bakerloo ni jina la njia ya treni ya chini ya ardhi mjini London.

Juu ya lango la mojawapo ya wizara hizo pamechongwa maneno yanayowaambia Wahindi kwamba uhuru hauwashukii watu, bali watu lazima waupandie. Mji ulizinduliwa mwaka 1931. Wahindi waliupanda kwa miaka 16, na mwaka 1947 wakaingia ofisini.

Gavana mwenye ndoto ya nchi tatu

Baker alikuwa ameshapita miaka 60 alipoitwa Kenya. Aliyemwita ni Sir Edward Grigg, gavana wa koloni hilo kuanzia 1925 hadi 1930, na mwaliko huo ndio unaomfunga msanifu huyu na biashara ya mashariki mwa Uganda.

Grigg alikuja na kazi maalumu kutoka kwa waziri wa makoloni, Leo Amery: kuzisogeza Kenya, Uganda na Tanganyika chini ya serikali moja ambayo kitovu chake kingekuwa Nairobi. Wakati huohuo gavana wa Kenya alifanywa pia Kamishna Mkuu wa Usafirishaji, yaani msimamizi wa reli na bandari kwa niaba ya Kenya na Uganda. Mwaka 1926 jina la reli nalo lilibadilika. Iliyoitwa Reli ya Uganda, ingawa kwa miaka mingi iliishia Kisumu, sasa ikawa Reli ya Kenya na Uganda. Kulikuwa na baraza la reli lenye wajumbe wa pande zote mbili, lakini kiti cha juu kilikuwa cha mtu mmoja, na mtu huyo alilala Nairobi.

Baker alimchorea nyumba. Ikulu ya Nairobi ya leo ndiyo hiyo, pamoja na ile ya Mombasa inayotazama bahari. Zilizua malalamiko makali juu ya gharama, hata miongoni mwa wazungu wenyewe, maana koloni lilikuwa changa na madai mengine yalikuwa mengi. Grigg aliitetea kazi hiyo kwa hoja kwamba utawala lazima uonekane. Ukubwa wa nyumba ile unaeleweka vizuri zaidi ukikumbuka kwamba aliyeiagiza alikuwa akiwaza nchi tatu.

Orodha iliendelea. Palijengwa shule ya wavulana wa kizungu ya Prince of Wales huko Kabete, ambayo leo ni Nairobi School. Msaidizi wake, Jan Hoogterp, alibaki Nairobi kuendesha ofisi, na kutoka ofisi hiyo zikaja mahakama kuu za jiji, jengo ambalo leo linakaliwa na Mahakama ya Juu ya Kenya. Na mwishoni mwa miaka ya 1920 yakaja makao makuu ya reli.

Kwa ufundi, Baker alijua jua la ikweta linataka nini. Alitumia kuta nene, baraza pana, matao ya kutupa kivuli, na ua wa ndani wa kupitisha hewa. Mtu wa Jinja hatashangazwa na hilo. Maduka ya zamani ya Main Street, yaliyojengwa na wafanyabiashara wa Kihindi, yana baraza mbele ili mteja asimame mvua ikinyesha, na baadhi yana mwaka wa ujenzi umechongwa juu, kwenye paji la nyumba. Ni hekima ileile ya kivuli. Tofauti iko kwenye mlango. Duka limejengwa ili mpita njia aingie. Jumba la Baker limejengwa ili mpita njia asimame kwanza, ajitazame, ndipo aulize kama anaruhusiwa.

Safari ya robota moja

Ili kuelewa kilichokuwa kikiamuliwa ndani ya jumba la reli, fuata robota la pamba. Zao hilo liliingia Uganda mwanzoni mwa karne ya 20 na likashika haraka Busoga, Bukedi, Teso na nchi iliyouzunguka mji wa Mbale, mji uliokuwa umeanzishwa na Semei Kakungulu chini ya mlima Wanale.

Kabla ya reli kuingia Uganda kutoka Kenya, pamba ya pande hizo ilishuka hadi Ziwa Kyoga, ikapanda meli hadi Namasagali, ikapanda treni ndogo ya Busoga iliyoanza mwaka 1912 hadi Jinja, ikapanda meli nyingine kuvuka Ziwa Victoria hadi Kisumu, ikapanda treni tena hadi Mombasa. Kila kupakua kulikuwa na gharama, unyevu na wizi. Reli ilipofika, ilikuwa nafuu ya kweli: njia kutoka Kenya iliungana na ile ya Busoga mwaka 1928, tawi la Tororo, Mbale na Soroti likakamilika 1929, na daraja la Jinja likafungua njia ya Kampala 1931.

Njia yenyewe ilikuwa na hadithi. Badala ya kukata moja kwa moja kuelekea Uganda, ilipandishwa nyanda za juu za Uasin Gishu, hadi Eldoret, walikokuwa walowezi na mashamba yao ya mahindi. Waliolalamika Uganda walisema wanalipia mzunguko wa watu wengine.

Kisha viwango. Reli ilitoza mzigo kwa kadiri mzigo unavyoweza kubeba. Pamba, yenye thamani kubwa kwa kila tani, ilitozwa juu. Mahindi ya walowezi yaliyokwenda kuuzwa nje yalipewa nauli ya chini, kiasi kwamba wakosoaji walisema haikufidia hata gharama za kuyabeba. Unga wa ngano na siagi kutoka Kenya vilisafirishwa kwa bei ya upendeleo kuingia Uganda, huku ushuru wa forodha ukizuia vya nje, kwa kuwa nchi hizo mbili zilikuwa soko moja la forodha tangu 1917. Mwaka 1932 serikali ya Uingereza ilimtuma mtaalamu, Roger Gibb, kuchunguza viwango na fedha za reli, maana kelele zilikuwa zimefika London.

Mkulima hakuiona risiti ya reli, ila aliilipa. Mwenye kiwanda cha kuchambua pamba alianza hesabu mwishoni na kurudi nyuma: bei ya Liverpool au Bombay, toa nauli ya meli, toa bandari, toa reli, toa kiwanda na faida yake. Kilichobaki ndicho kilichomfikia aliyeleta mzigo kichwani hadi kwenye mzani. Nairobi ikiongeza senti kwenye reli, zilikatwa Budaka.

Kwa hiyo ndoto ya Grigg ya nchi moja haikupokewa Uganda kama habari njema. Swali la watu lilikuwa rahisi: kama reli peke yake inaendeshwa hivi, serikali nzima itaendeshwaje? Waliogopa kuwekwa chini ya walowezi wa Kenya. Mwaka 1931 Serwano Kulubya, mweka hazina wa Buganda, alikwenda London na kulieleza hilo kinagaubaga mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza. Kamati haikuupitisha muungano. Grigg alikuwa ameshaondoka, akiwa ameacha majengo yaliyotosha nchi tatu na serikali ya nchi moja.

Benki na makaburi

Baker mwenyewe hakuonekana kupoteza usingizi. Alipewa heshima ya Sir mwaka 1926, na mwaka uliofuata medali ya dhahabu ya taasisi ya wasanifu wa Uingereza. London alijenga India House na South Africa House, na Oxford akajenga Rhodes House kwa kumbukumbu ya mfadhili wake. Kazi iliyomletea lawama nyingi kuliko zote kwao ni Benki Kuu ya Uingereza, aliyoijenga upya kuanzia 1925 hadi 1939. Ili kupata nafasi alibomoa sehemu kubwa ya kazi ya John Soane, msanifu aliyeheshimiwa sana, na wanahistoria wa majengo hawajamsamehe hadi leo.

Ana kazi nyingine isiyotajwa sana huku kwetu. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia alikuwa mmoja wa wasanifu wakuu watatu wa tume ya makaburi ya vita ya dola, na makaburi ya Tyne Cot huko Ubelgiji, makubwa kuliko yote ya tume hiyo, ni yake. Kanuni ya tume ilikuwa nzuri: kila aliyekufa apate jina na jiwe, tajiri kwa maskini sawasawa. Ila wapagazi na askari wengi wa Afrika Mashariki waliokufa katika vita hivyo hawakupata jiwe wala jina, na tume yenyewe ilikiri hilo katika ripoti yake ya Aprili 2021, ikataja angalau watu 116,000 duniani ambao hawakuandikwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati. Si Baker aliyeamua nani aachwe. Yeye alichora mawe yaliyoagizwa.

Alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1944, akafariki Februari 1946 katika nyumba ileile ya Owletts alikozaliwa. Majivu yake yamezikwa Westminster Abbey.

Nani anakaa humo sasa

Reli ya Kenya na Uganda iliungana na ya Tanganyika mwaka 1948, ikawa shirika la Afrika Mashariki, ikavunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977. Mabehewa yaligawanywa. Jumba la Nairobi lilibaki palepale, na Shirika la Reli la Kenya likaendelea kulitumia. Jumuiya mpya, iliyotiwa saini mwaka 1999, ina makao yake Arusha, katika jengo lililofunguliwa Novemba 2012 kwa fedha za Ujerumani.

Mpakani mambo yamebadilika kwelikweli. Malaba na Busia zina vituo vya pamoja, gari linakaguliwa upande mmoja tu, na mwenye mzigo mdogo usiozidi dola 2,000 anaweza kupata cheti cha asili ya bidhaa palepale bila kusumbuka na wakala. Lakini tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilipotangaza kuzuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, tangazo lilitoka Nairobi, na malori yaliyokwisha kupakia yalibaki barabarani. Zuio liliondolewa siku chache baadaye kwa masharti. Sumukuvu ni hatari ya kweli na nchi ina haki ya kuwalinda walaji wake. Pamoja na hayo, wauza mahindi waliujua uamuzi huo kama babu zao walivyojua viwango vya reli, yaani baada ya kupitishwa.

Sasa reli inarudi. Oktoba 2024 Uganda ilitia saini mkataba na kampuni ya Uturuki ya Yapi Merkezi kujenga reli ya kisasa kutoka Malaba hadi Kampala, ambayo itapita tena Jinja na kuvuka tena Nile. Kwa upande wa Mbale, ukarabati wa reli ya zamani kutoka Tororo hadi Gulu ulianza mwaka 2023, kwenye njia ileile iliyobeba pamba. Kwa sasa mahindi, maharage na vitunguu vinashuka Tororo kwa lori, na bei ya lori inakubaliwa pale pale Mbale, kwa maneno, kati ya mwenye mzigo na mwenye gari.